Nilitumia vidonge vya mgongo kabla sijajua nina mimba. Je, mtoto yuko salama?

Tumaini_J

Habari zenu wanajamvi. Naombeni ushauri, na wenye kejeli naomba wapite kimya kimya.

Nina mgongo unaonisumbua miaka mingi. Hivi karibuni ulinibana mpaka kuinama ikawa kazi, nikaandikiwa vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, nikavitumia takribani wiki nzima. Siku maumivu yalipogoma kutulia nilikuwa naongeza Panadol juu yake. Hedhi ikachelewa, nikasema ni uchovu. Kipimo kikatoa mistari miwili, na altrasaundi ikaonyesha wiki ya saba. Nikirudisha hesabu nyuma, vile vidonge viliangukia kwenye wiki ya tano.

Nimeitafuta karatasi ya vidonge iliyobaki. Upande wa nyuma, ule unaong'aa, maandishi ni madogo na mengine yamechanika pale nilipotoboa, ila yanasomeka: diklofenaki miligramu 50, parasetamoli miligramu 500. Yaani kidonge kimoja kina dawa mbili, na mimi nilikuwa naongeza Panadol, ambayo nayo ni parasetamoli.

Wifi yangu anasema dawa kali za maumivu huzaa watoto wasio na mikono. Rafiki mwingine kanishauri niitoe mapema kabla haijakua, eti ndiyo huruma. Mimba hii tumeisubiri sana. Kliniki nimeshaanza, ila niliona aibu kuuliza mbele za watu.

Mtoto ameshaharibika? Kuna kipimo cha kujua? Na huu mgongo nitautuliza na nini mpaka nijifungue?

Kijana_wa_Pembeni

Pole sana dada. Nimekaa hapa nasubiri wataalamu, na mimi nijifunze.

Shangazi_wa_Wote

Pole mwanangu. Sisi tumekua tukiambiwa mimba changa haitaki vidonge, basi. Na huyo wifi yako hajatunga. Zamani kulikuwa na dawa wajawazito walipewa, watoto wakazaliwa viganja vimeota karibu na bega. Picha zake nilizikuta gazetini na sijazisahau. Ila kutoa mimba kwa neno la rafiki, hapana. Ngoja waje wenye taaluma yao.

Mfamasia_wa_Zamu

Shangazi, shikamoo. Dada Tumaini, hongera kwanza, maana naona wote wamekupa pole na hakuna aliyekupongeza.

Dawa anayoisema Shangazi ni thalidomaidi. Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi na ya kutuliza wasiwasi, kisha wajawazito wakawa wanapewa kwa ajili ya kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961, na watoto walioathirika duniani wanakadiriwa kuzidi 10,000. Marekani ilinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa mamlaka yao ya dawa, aligoma kuipitisha bila ushahidi wa kutosha. Bado ipo hadi leo, hutumika kwa tatizo fulani la ukoma na aina moja ya saratani ya damu, chini ya ulinzi mkali. Haina undugu na diklofenaki. Wifi kasikia jambo la kweli, kalibandika kwenye dawa nyingine.

Kabla sijaendelea, angalia tena hiyo karatasi: hakuna jina la tatu? Hasa misoprostoli. Kuna vidonge vya ugonjwa wa viungo ambavyo ndani yake diklofenaki imewekwa pamoja na misoprostoli ili tumbo lisipate vidonda. Misoprostoli hukaza mji wa mimba, na ikitumika miezi mitatu ya kwanza imehusishwa na kasoro za mikono na miguu na kupooza kwa mishipa ya uso wa mtoto. Angalia kwanza.

Tumaini_J

Asante sana kwa pongezi, umenitoa machozi. Nimeangalia karatasi na boksi lake. Ni hizo mbili tu. Mume wangu naye kasoma, kaona hizo hizo.

Mfamasia_wa_Zamu

Vizuri, basi tuzungumze.

Wiki ya tano kwa hesabu ya hedhi ni kama wiki ya tatu tangu mimba itungwe. Hapo viungo ndiyo vinaanza kujengwa. Ule mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga mnamo siku ya 28 tangu kutungwa, na moyo unaanza kudunda kipindi hicho hicho. Sitakudanganya kwamba vidonge vilikuja kabla ya chochote kuanza. Vilikuja wakati kazi inaanza, ndiyo maana swali lako ni la haki kabisa.

Sasa jibu. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzao wa kundi hilo wamefuatiliwa kwa wanawake wengi waliozitumia katika mimba changa, wengi wao wakiwa hawajui kama wewe. Picha ya jumla haionyeshi ongezeko kubwa la ulemavu wa kuzaliwa. Zipo tafiti zilizoona ongezeko dogo la kasoro fulani za moyo au mdomo wazi, na zipo zilizotafuta hayo hayo zisiyaone. Upande wa mimba kuharibika mapema pia kuna tafiti zilizoona uhusiano, hasa dawa zikitumika karibu na siku za kutungwa, lakini ni vigumu kutenganisha dawa na ule ugonjwa uliofanya mtu aimeze. Wewe vidonge vyako havikuangukia siku hizo za kutungwa, na altrasaundi imemwona mtoto.

Kingine ambacho watu hawaambiwi: hata mama asiyegusa kidonge ana hatari yake ya kawaida. Kwa takwimu za Marekani, mtoto 1 kati ya 33 huzaliwa na kasoro fulani, kubwa au ndogo, na mara nyingi sababu haijulikani. Ukisikia dawa imeongeza hatari kidogo, inaongezwa juu ya hiyo.

Kuhusu rafiki yako: kutumia diklofenaki katika mimba changa si sababu ya kitabibu ya kutoa mimba. Nimeandika kwa kifupi makusudi.

Na ile Panadol ya juu: vidonge vyako viwili kwa siku vilikupa parasetamoli gramu 1. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye mwili mdogo au ini bovu apewe kiwango chake na daktari. Kama hukuvuka hapo, ini lako halina kesi. Lakini umeona mtego ulivyo. Watu wanameza parasetamoli mara mbili au tatu kwa majina tofauti: ya mafua, ya mgongo, ya kichwa.

Bibi_Mkunga

Naongezea, kwa sababu miaka yote nimekaa chumba cha kujifungulia na wala si dukani.

Wajawazito wakivuka miezi mitatu huona hatari imekwisha, wanarudia vidonge vyao vya zamani. Kwa kundi hili la diklofenaki ni kinyume chake, hatari yake iliyo wazi zaidi iko mbele. Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dawa hizi ziepukwe kuanzia wiki ya 20. Sababu ni figo za mtoto. Nusu ya pili ya mimba yale maji yanayomzunguka mtoto kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Dawa ikizibana figo, mkojo unapungua na maji yanapungua, na mtoto anayahitaji ili mapafu yake yakue na viungo vijinyooshe. Mara nyingi maji hurudi dawa ikisitishwa mapema, lakini asiyepimwa atajuaje kwamba yamepungua?

Wiki ya 30 kwenda mbele linaongezeka la moyo. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mfupi unaopitisha damu kando ya mapafu, kwa kuwa hapumui bado. Mshipa huo hutakiwa kufunga baada ya kuzaliwa. Kinachouweka wazi ni kemikali zile zile zinazoleta maumivu na uvimbe, na ndizo dawa hizi huzizima. Ukizizima, mshipa unaweza kubana mtoto akiwa bado ndani.

Kwa hiyo mama akiniambia "nilimeza diklo", swali langu la kwanza ni wiki ya ngapi.

Kipimo cha kujua, mwanangu, ni altrasaundi ya kina kati ya wiki ya 18 na ya 22. Hapo wanaangalia uti wa mgongo, vyumba vya moyo, mdomo, figo, mikono na miguu. Haioni kila kitu, ila inaona mengi. Mwambie anayekupima ulitumia dawa gani na wiki gani, aandike kwenye kadi. Ukiona aibu, mwandikie kwenye karatasi umpe mkononi. Na vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, meza mpaka wiki ya 12 ikamilike, isipokuwa kama daktari amekupa kiwango kingine.

Mgongo_Chuma

Mbona mnatisha watu? Mke wangu alimeza ibuprofeni mimba nzima kwa ajili ya jino na mtoto yuko darasani anaongoza.

Bibi_Mkunga

Mungu amkuze. Mimi nimesimama pembeni ya vitanda ambako mambo hayakwenda hivyo. Mtoto mmoja aliyetoka salama hawezi kuwa dozi ya wengine.

Baba_Mapacha

Samahani kuingilia. Mke wangu ana mimba ya mapacha na presha ilimsumbua mimba iliyopita. Daktari kamwanzishia aspirini kila siku. Si ndiyo kundi hilo hilo? Tangu nisome hapa nimeificha chupa.

Mfamasia_wa_Zamu

Kaka, irudishe chupa mahali pake leo leo.

Aspirini ni ya kundi hilo kweli, ila kiwango ndicho kinachobadilisha habari. Anayoandikiwa mjamzito aliye kwenye hatari ya kifafa cha mimba ni kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku, huanzishwa kuanzia wiki ya 12 na vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16. Kiwango hicho hupunguza uwezekano wa presha ya mimba kumgeukia mama. Hata onyo la FDA lenyewe liliitenga aspirini ya kiwango hicho kidogo. Ya kutuliza maumivu huanzia miligramu 300 kwenda juu, na hiyo ndiyo tunayokataza. Asiiache bila kumuuliza aliyemwandikia.

Mbishi_Halisi

Nyie mnamsukuma dada kwenye Panadol wakati Wamarekani wenyewe wametangaza inaleta usonji kwa watoto. Hamfuatilii habari?

Mfamasia_wa_Zamu

Tunafuatilia, ndugu. Septemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza hilo ikiongozwa na Rais wao mwenyewe. Siku chache baadaye Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaothibitisha uhusiano huo. Zipo tafiti zilizoona watoto wa mama waliotumia parasetamoli wana usonji zaidi kidogo. Uswidi, mwaka 2024, walichapisha utafiti wa karibu watoto milioni 2.5, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja: mimba moja mama alitumia, nyingine hakutumia. Walipolinganisha hivyo uhusiano ukatoweka. Inaelekea tofauti ilitoka kwenye familia na kwenye maradhi yaliyomfanya mama ameze dawa.

Halafu fikiria upande wa pili. Homa kali katika wiki za mwanzo yenyewe imehusishwa na mgongo wazi. Mama anayeungua homa akakaa nayo kwa kuogopa kidonge hajamlinda mtoto. Ashushe homa, na apimwe inatoka wapi: malaria, mkojo, au kingine. Parasetamoli haitibu chanzo.

Hiyo haina maana imezwe kama peremende. Mjamzito aitumie akiwa na sababu, kwa kiwango kidogo kinachotosha, kwa muda mfupi. Ikipita siku tatu bado anaihitaji, amwone daktari.

Kipandauso_Sugu

Uzi mzuri huu. Mimi sina mimba bado ila tunapanga, na kichwa changu cha upande mmoja kinajulikana ukoo mzima. Natumia dawa ya kila siku ya kukizuia, na kikija nameza nyingine. Nianze kuacha lini?

Mfamasia_wa_Zamu

Umeuliza wakati mwafaka, natamani wote wangeuliza kabla. Dawa za kuzuia kipandauso si vituliza maumivu, na baadhi yake zinatisha kuliko diklofenaki kwa mbali. Kama ya kila siku ni valproeti, ambayo pia ni dawa ya kifafa, usishike mimba ukiwa nayo kabla ya kuonana na daktari: kati ya watoto 100 waliokuwa tumboni mama akiitumia, kama 10 huzaliwa na kasoro kubwa, ukiwemo mgongo wazi, na wengine wengi huchelewa kusema na kujifunza. Topirameti nayo imehusishwa na mdomo wazi. Ya kumeza kichwa kikija, tazama kama ina ergotamini. Hiyo hubana mishipa ya damu na kukaza mji wa mimba, haifai kabisa kwa mjamzito.

Ila usiache ghafla kwa kunisoma mimi, hasa kama una kifafa pia. Endelea na uzazi wa mpango mpaka daktari akubadilishie.

Shangazi_wa_Wote

Kumbe kuna za kichwa zinazopita hata hizo kali. Na hizi tramado vijana wanazozitafuna?

Bibi_Mkunga

Shangazi, hizo na kodeini ni ndugu, vituliza maumivu vya jamii ya afyuni. Kuna tafiti zilizoziona pamoja na ongezeko dogo la kasoro za moyo na uti wa mgongo zikitumika mwanzoni. Mimi ninazokutana nazo ni za mwishoni: mama alizoea, mtoto akizaliwa anaanza kutetemeka, analia sauti kali isiyonyamaza, hanyonyi vizuri, maana mwili wake unaidai dawa aliyokuwa akiipata kwenye kondo. Wengine wanapumua kwa shida. Lakini mjamzito aliyezizoea asikate kwa siku moja, aje apunguziwe taratibu chini ya uangalizi. Na tusimfokee, akifokewa harudi kliniki.

Tumaini_J

Nimesoma yote, mengine mara mbili mbili, na usiku nimelala. Kadi nimeshaandikiwa, nesi wala hakushangaa, kasema wa hivyo anapata kila wiki. Nimepangiwa altrasaundi ya kina.

Limebaki la mgongo. Parasetamoli inasaidia kiasi tu. Nina dawa ya kupaka ya diklofenaki. Kwa kuwa haimezwi, si inafaa?

Bibi_Mkunga

Inayoingia damuni kwa kupaka ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge, ila inaingia. Mimi ningeiacha kwa sasa, na miezi mitatu ya mwisho usiiguse kabisa. Watu huipaka mgongo mzima mara nne kwa siku kisha wanasema hawajatumia dawa.

Omba rufaa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, tumbo likiwa bado dogo. Mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya tumbo na makalio husaidia migongo mingi ya wajawazito. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa weka kiunoni, isiwe ya kuunguza. Lala kwa ubavu, mto kati ya magoti, na ukiamka geuka kwanza kwa ubavu ndipo ujisukume kwa mkono. Kupiga deki kwa kuinama, mwachie mume.

Kuna mgongo usiosubiri mazoezi, huo uende nao hospitali siku hiyo hiyo: unaokuja na kuondoka kwa mpangilio kama uchungu, wenye damu au maji ukeni, wenye homa na mkojo unaochoma, au miguu inayokufa ganzi. Na ukishavuka wiki ya 20, kichwa kikiuma sana ukawa unaona vimulimuli, au maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso ukavimba ghafla, usimeze parasetamoli ukalala. Hiyo ni ya kupimwa presha saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Tumaini_J

Nimeipiga picha hii ya mwisho nikamtumia mume wangu. Kajibu la kupiga deki tu.

Bibi_Mkunga

Mwambie na kubeba ndoo.